Nyumba Namba 1820

Sarafu ikikaa muda mrefu kwenye kiganja cha mtoto, huacha harufu inayofanana na damu. Harufu hiyo haitoki upesi. Unaweza kunawa, ukala, ukalala, na asubuhi bado ukaikuta kwa mbali katikati ya vidole. Nilikuwa nimeisahau kwa miaka mingi. Stockholm ya leo ni mji usiogusa sarafu. Hata mwombaji anayekaa mlangoni mwa stesheni ameandika namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi. Lakini miezi michache iliyopita nilikuwa kazini. Kazi yangu ni kutembelea wazee majumbani, kuwasaidia kuoga, kula na kumeza dawa. Mzee mmoja aliniomba nimtafutie miwani kwenye mfuko wa koti lake la zamani. Miwani haikuwemo. Zilikuwemo sarafu tano au sita za zamani, zile ambazo maduka hayazipokei tena. Akaniambia nizishike kwanza, akaanza kunisimulia habari za marehemu mkewe, nami nikasimama pale nimezikunja mkononi mpaka alipomaliza. Niliporudi kwenye gari niliweka mkono puani, nikashindwa kuwasha injini.

Tulifika Sweden wawili, mimi na Mama, tukitokea kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Kwetu hasa ni Kongo ya mashariki, lakini Kongo siijui, na baba yangu simkumbuki. Ninachokumbuka ni kambi, na kambini tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Dada Furaha. Alinizidi kwa miaka kumi na miwili. Mgongo wake niliujua kuliko uso wake, maana ndiko nilikokaa: nilijua jasho lake, nilijua mfupa wa bega uliokuwa ukinigusa kidevuni alipokuwa akitwanga, nilijua jinsi sauti yake ilivyokuwa ikipita mwilini kabla haijafika masikioni mwangu. Akiimba, mimi nilitetemeka.

Kisha majina yakabandikwa ubaoni. Langu na la Mama yalikuwa na neno Sweden pembeni. La Furaha lilikuwa kwenye karatasi nyingine, pamoja na shangazi mmoja niliyemwona mara mbili tu, na pembeni yake pameandikwa Amerika. Nilielezwa kwamba faili zetu ni tofauti. Faili nililijua, lilikuwa karatasi ngumu ya rangi ya kaki, iliyokunjwa katikati. Sikuelewa kwa nini dada yangu asiingizwe kwenye karatasi yetu, ilhali ilikuwa na nafasi tele. Siku tuliyopanda basi la kuondoka Furaha alinifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa kali, akasema, “Kule ni baridi.” Na Mama hakumwambia kitu. Alitazama dirisha la upande wa pili. Nilidhani ni kwa sababu ya jua.

Tulipewa nyumba Bredäng, kwenye moja ya yale majengo marefu yanayofanana, ghorofa ya sita. Mama alikuwa akienda asubuhi shule ya lugha na mchana kazi ya usafi, na mimi niliingizwa kwenye darasa la watoto wageni. Kwa miezi mingi sikusema neno shuleni. Walimu walidhani sijui lugha, lakini lugha ilikuwa ikiingia. Ila sikuona wa kumpa. Kibaya zaidi yalikuwa mapumziko. Huku mapumziko hufanyika nje, hata theluji ianguke. Watoto wengine walikuwa wakikimbia wakateleza wakacheka. Mimi nilikuwa na mahali pangu, ukutani karibu na bomba la mvua, ambapo upepo haukufika sana. Kutoka pale nilimwona kila mtu, na nilikuwa nimeshajua kwamba mtu anayeona kila mtu ni kwa sababu hakuna anayemwona yeye.

Jumapili tulikwenda kanisani Fittja. Lilikuwa kanisa la kukodi, chumba cha chini kwenye jengo la ofisi, na waumini wengi walikuwa watu wa Kivu. Mama aliimba kwaya. Siku moja, kwaya ikiwa mazoezini baada ya ibada, Mama Neema aliniita jikoni walikokuwa wakichemsha chai. Mama Neema alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na kila mtoto pale alimwita shangazi.

“Njoo hapa, mutoto,” aliniambia. “Fungua mukono.”

Akaniwekea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani yake palikuwa na kitu kigumu.

“Imetoka kwa Furaha. Kaka yangu anaabudu naye kanisa moja kule Amerika. Alitia mu barua yetu, akasema ni yako, yako peke yako.” Akatazama mlango. “Usimuonyeshe mama yako kwanza. Wakubwa wako na mambo yao.”

Niliifungua chooni. Ilikuwa sarafu nyeupe, ndogo kuliko nilivyotarajia kitu cha Amerika kuwa. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha bibi kizee mwenye pua ndefu, nywele zimefungwa utepe nyuma. Miaka mingi ilipita kabla sijaambiwa kwamba yule ni mwanamume, tena rais. Upande wa pili kulikuwa na ziwa limezungukwa na milima, na kisiwa kidogo katikati, na miti mbele yake. Juu pameandikwa Oregon, na chini ya hilo jina, 1859. Kwenye kikaratasi Furaha alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: *Mudogo wangu. Tazama hili ziwa. Maji yake ni bluu sana, na ni refu kwenda chini.*

Sasa nani asingeelewa? Sisi tulikaa mahali penye jina, na baada ya jina palikuwa na namba ya nyumba. Barua zote za serikali zilizokuja kwa Mama ziliandikwa hivyo. Basi Furaha alikuwa anakaa Oregon, nyumba namba 1859, karibu na ziwa. Nilishangaa tu wingi wa nyumba. Nilijiwazia barabara moja ndefu kandokando ya maji, na dada yangu karibu na mwisho wake, amebeba ndoo.

Mfanyakazi wa maktaba ya Bredäng ndiye aliyenisaidia bila mimi kufungua mdomo. Nilimwonyesha sarafu. Akaitazama, akainuka, akanifungulia kitabu kikubwa cha ramani, akaweka kidole upande wa kushoto kabisa wa Amerika, pale nchi inapoishia baharini. Sweden ilikuwa ukurasa mwingine, mbali sana, upande wa kulia. Nilikaa na kitabu kile mpaka walipozima taa za upande wa watoto.

Ya pili ilikuja miezi mitatu baadaye. Nebraska, 1867. Mkokoteni wenye turubai, umevutwa na ng'ombe, unapita karibu na mwamba uliosimama kama bomba la moshi. *Hawa watu wanahama na vitu vyao vyote,* aliandika Furaha, *kama sisi.* Nikaenda maktabani. Nebraska ilikuwa katikati. Alikuwa amehama. Alikuwa amesogea kulia.

Kisha Wisconsin, 1848, kichwa cha ng'ombe na jibini na hindi bichi: *Hapa maziwa ni mengi. Ungekuwa munene.* Tena kulia. Kisha Ohio, 1803, ndege ya zamani na mtu aliyevaa nguo nene kama watoto wa shule yangu wakati wa theluji. *Huyu alienda mpaka mwezini,* aliandika. *Mwezi unaouona weye, naye aliuona, karibu.* Tena kulia. Kila sarafu ilikuwa hatua, na hatua zote zilikuwa za upande mmoja. Sikumwambia mtu. Nilizibeba nne zote ndani ya glovu ya mkono wa kushoto, na ukutani karibu na bomba la mvua nilikuwa nikizigeuzageuza kwa kidole gumba mpaka chuma kikapata joto langu. Mwalimu aliandika kwenye daftari la mawasiliano kwamba mtoto amechangamka. Mama alilia kwa furaha. Akaninunulia soseji.

Nilikuwa na miaka tisa na nusu ilipokuja ya tano. Ilikuwa Novemba, mwezi ambao Stockholm huanza kuzima taa zake za mbinguni saa tisa alasiri. Mama Neema alinipa karibu na mlango wa kanisa, haraka, kwa sababu Mama alikuwa anavaa koti. Maine, 1820. Mnara wa taa juu ya majabali, na baharini, jahazi lenye matanga mengi. Kwenye kikaratasi maneno yalikuwa machache kuliko siku zote: *Taa inawaka. Meli inakuja.*

Maine, kitabuni, ni ukingo wa kulia kabisa. Baada yake ni bahari tupu, na baada ya bahari ni sisi.

Usiku ule sikumwambia Mama, wala sikujiuliza kwa nini simwambii. Nilijua kwamba jina la Furaha likitajwa nyumbani, Mama hutafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakivaa viatu vya nje, mimi nilivaa vyangu, nikachukua begi langu, nikatoka getini. Nilikuwa na kadi ya usafiri, na sarafu zangu na vikaratasi vyake kwenye kitambaa, na glovu za ziada za Mama, kwa sababu Furaha angefika bila glovu. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, laini nyekundu, nikahesabu vituo mpaka Slussen. Hapo niliwahi kupita na Mama, nikaona meli nyeupe kubwa kama majengo ya kwetu yamelazwa majini.

Nilitembea kandokando ya maji, upepo ukinisukuma begani. Nilipofika kwenye jengo la abiria, meli ilikuwa imeshafunga gati. Nikasimama karibu na mlango wa vioo wanapotokea watu. Walitoka wengi, wakiburuta vigari vyenye maboksi ya bia, wengine wakicheka kwa sauti, wengine wamenuna. Nilimtazama kila mwanamke. Nilikuwa nikisema, na sikujua kwamba nasema kwa sauti: “Siyo huyu. Siyo huyu. Siyo huyu.”

“Siyo nani?”

Niligeuka. Alikuwa mwanamke amevaa fulana ya njano ya kung'aa, ameshika fimbo ya kudekia. Sikuwa nimewahi kusemeshwa Kiswahili na mtu nisiyemjua katika nchi hii.

“Namngoja dada yangu,” nikamwambia. “Anatoka Maine. Nyumba namba elfu moja mia nane na ishirini.”

“Maine ya wapi?”

“Ya Amerika.”

Akaegemeza fimbo yake ukutani, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. “Sasa sikiza, mami. Hii meli imetoka Finland. Ikitoka hapa inarudi huko huko Finland. Haijawahi kuenda Amerika hata siku moja.”

“Basi itakuwa ile nyingine.”

“Hata ile nyingine.” Akatazama nyuma yangu. “Uko na nani hapa?”

“Mimi.”

Alisema anaitwa Anti Njeri, wa Kenya, na kwamba tungekaa mahali penye joto kwanza. Alinipa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake na nusu ya andazi la mdalasini. Nikamfungulia kitambaa nimthibitishie. Nilizipanga mezani kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, nikamweleza ramani, na kila namba ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na nadhani ndiyo sababu sikumsamehe kwa muda mrefu, maana angecheka ningemchukulia mjinga.

“Hizi ni pesa tu,” alisema taratibu. “Wamezichora nchi zao, kila jimbo na kitu chake. Hii namba ni mwaka. Mwaka jimbo lilipoingia kwa Amerika, nafikiri. Na pesa hutembea. Mimi niko na shilingi ya Kenya kwa pochi yangu, na si unaniona niko hapa?”

“Lakini ameandika meli inakuja.”

Akachukua kikaratasi, akakisoma, akakisoma tena.

“Anakuonyesha picha, mami,” akasema. “Anakwambia vile picha iko.”

Nilimwomba namba ya mlango anakotokea mtu aliyechelewa. Alichukua daftari langu la shule, akatafuta namba ya Mama, akatoka nje kupiga simu.

Mama alifika na sare ya kazi, koti halijafungwa, nywele zimemsimama upande mmoja. Nilitegemea kofi. Hakunigusa. Alimshika Anti Njeri mkono kwa mikono yake miwili, wakanong'ona, kisha akaja mezani akaona sarafu tano na vikaratasi vitano. Mama alijua kusoma kidogo tu, lakini mwandiko ule aliutambua kabla hajasoma neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha Furaha kuandika, kwa kijiti, kwenye vumbi la kambi. Alivikusanya vyote kitambaani, akafunga fundo, akanirudishia.

Tukiwa ndani ya treni, nje kulikuwa kumeshaingia giza, na kwenye kioo niliwaona watu wawili waliokaa karibu bila kutazamana.

“Juu ya nini hukuniambia?” aliuliza tulipovuka daraja la Liljeholmen.

“*Jag vet inte*,” nilisema. Sijui. Siku zile ndipo nilipoanza kumjibu Mama kwa Kiswidi. Niligundua kwamba katika lugha ile hakuweza kunifuata mbali.

“Ulizani anakuja?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Aliandika kama anakuja?”

“*Nej*.” Hapana.

Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, ingawa kituo chetu kilikuwa bado mbali. “Hawezi kuja,” alisema. “Hakuna mutu alimuita.”

Jumapili hatukungoja kwaya. Baada ya ibada Mama alimwendea Mama Neema mbele ya watu, akasema, “Nipe namba.” Mama Neema hakuuliza namba ya nani. Tulikwenda kwake, jengo la tatu kutoka stesheni ya Fittja, tukakaa sebuleni kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushona. Mama Neema akakwangua kadi ya simu, akabonyeza namba nyingi sana, akampa Mama. Mama akaishika kama kitu cha moto, kisha akanisukumia mimi. “Ongea weye kwanza.”

Simu ililia mara nne.

“Halo?”

Ilikuwa sauti yake, lakini ilinifikia masikioni tu. Mwili wangu haukuhisi kitu. Hilo lilinishtua kuliko yote.

“Dada,” nilisema. “Uko wapi?”

Akapiga kelele, akacheka, akalia, akaniita majina yangu yote ya utotoni, hata yale ya aibu. Kisha akasema, “Niko nyumbani. Nimetoka kazini sasa hivi.”

“Nyumbani Maine?”

“Maine ni wapi?”

“Pale kwenye meli. Na kabla ya hapo Ohio, na kwenye ng'ombe, na kwenye ziwa.”

“Mudogo wangu,” alisema, “mimi niko Iowa. Sijatoka hapa hata siku moja tangu nifike. Ninafanya kazi pahali pa kufulia nguo. Watu wanatia zile franga kwenye mashini, jioni tunazitoa, na nikiona yenye picha nzuri ninatia yangu ninachukua ile. Ziwa sijaliona. Ninaliona pale pale unapoliona weye.”

Nilikuwa nimelijaza lile ziwa watu. Nilikuwa nimempa nyumba, barabara, ndoo, mnara wa taa. Katika muda wa pumzi moja alitoka kote huko, akabaki kwenye chumba kimoja chenye mashine zinazozunguka, mahali nisipokuwa na sarafu yake hata moja.

“Nilikuja kukupokea,” nilimwambia.

“Wapi?”

“Bandarini.”

Kisha akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, “Mama Mudogo yuko hapo?”

“Mama mdogo gani?”

“Mama yako. Mama Mudogo.”

Mama Mdogo ni mdogo wake mama. Hilo hata mtoto wa miaka tisa analijua. Furaha alikuwa anamwita Mama, kama mimi. Nilimsikia kwa maisha yangu yote akimwita Mama. Nikageuka kumwambia Mama kwamba dada amekosea, na uso nilioukuta ulinieleza kwamba hakukosea. Alinyoosha mkono, nikampa simu.

Mengine niliyasikia upande mmoja tu. Mama alisema, “Furaha.” Kisha akasikiliza. Akasema, “Ndiyo.” Akasikiliza muda mrefu, huku akichezea uzi wa kitambaa cha kochi. Mama Neema alijifanya kupanga vikombe. Kisha Mama akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayejibu mbele ya meza ya afisa: “Yule mutu aliniuliza, umezaa watoto wangapi. Aliniuliza *umezaa*. Niliogopa, mutoto yangu. Walisema ukidanganya moja, wanafunga faili yote. Nikasema mumoja.” Akasikiliza. “Najua ulikuwa inje pa mlango. Najua ulisikia.” Akasikiliza tena, akafunika macho. “Hapana. Hapana. Hakuna siku haijanirudilia.”

Mama Neema alinishika bega akanipeleka jikoni. Kupitia mlango nilisikia Mama akilia kwa namna ambayo sijamsikia tena mpaka leo. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, alinieleza yote bila kujitetea: kwamba Furaha alikuwa mtoto wa dada yake aliyekufa wakikimbia, kwamba alimlea tangu ana miaka saba, kwamba siku ya usaili mimi nilikuwa nimekaa mapajani mwake nikila biskuti ya yule afisa. Nilikuwepo, basi. Nilikuwa ndiye yule mmoja.

Ningependa kuandika kwamba kutoka siku ile mambo yetu yalinyooka, na kwa kweli ya kwao yalinyooka. Walianza kuongea kila Jumapili mchana, kwanza kwa machozi, kisha kwa habari za kanisa na bei ya unga, kisha kwa vicheko. Mama alibadilika. Alianza kuimba jikoni. Furaha alipoolewa, Mama ndiye aliyesimamia mahari kwa simu, na mtoto wake wa kwanza amepewa jina la Mama.

Lakini sarafu hazikuja tena. Hakuna aliyeamua kuzikatisha. Watu wanaoongea kila wiki hawaandikiani vikaratasi, wala hawahitaji kumpitia mtoto kanisani. Jumapili kadhaa nilizungukazunguka karibu na Mama Neema, nikamletea vikombe, nikafungua mkono bila kuambiwa. Aliniwekea pipi. Mama akimaliza kuongea alikuwa akinipa simu, na Furaha aliniuliza shule inaendaje, na mimi nilisema inaenda vizuri. Alikuwa ameacha kunionyesha vitu. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kusalimiwa. Baada ya muda nikaanza kuwa na kazi nyingi za shule siku za Jumapili, kisha rafiki wa kumtembelea, kisha zamu za kazini. Wale wawili walipatana, na mimi, ambaye kwa mwaka mzima nilijiona ndiye daraja lao, nilibaki na mto wangu bila mtu wa kuvuka. Mtoto hawezi kulisema jambo kama hilo. Hata mtu mzima analisema kwa aibu, kwa maana ni kuwaonea wivu watu uliotaka wapendane.

Sasa nakaa Upplands Väsby, chumba na jiko, karibu na reli. Usiku nasikia treni zikienda uwanja wa ndege. Mama bado yuko Bredäng. Miaka minne iliyopita alikwenda Iowa mwezi mzima, akarudi na picha za wajukuu. Mimi nilisema sikupata likizo, na haikuwa kweli. Furaha hajawahi kuja huku, kwanza kwa ajili ya hati za kusafiria, kisha kwa ajili ya watoto. Hatujaonana tangu siku aliyonifunga sweta. Nimeshapita umri aliokuwa nao siku ile, kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita nilimpigia. Sikuwa nimepanga. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka zamu ya asubuhi, nimekaa kitandani na koti. Namba yake nilikuwa nayo siku zote. Ililia mara mbili.

“Mama?” alisema.

“Hapana, Dada. Ni mimi.”

Nilisikia maji yakimwagika kwenye sinki, na sauti za watoto kwa mbali, wakisema Kiingereza.

“Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa.”

“Mama ni muzima?”

“Mzima kabisa. Nimepiga tu.”

Nilitaka kusema kwamba nitapiga siku nyingine, kwamba naona ana kazi. Nilikuwa nimeshaanza kulisema kwa Kiswidi kichwani.

“Ngoja,” alisema. “Ngoja nifunge haya maji.” Nikasikia bomba likifungwa, na mlango, na sauti za watoto zikipotea. Kiti kilivutwa sakafuni. Kisha nikasikia pumzi ya mtu anayekaa chini baada ya kusimama siku nzima.

“Haya,” akasema Furaha. “Niambie.”